Mtoto Amepata Choo?



Viongozi walipotuomba tuje kuzungumza walitwambia tuna dakika 20, na kwamba tueleze habari za afya ya mtoto. Tukawauliza kama wanajua kuwa habari yenyewe ni ya choo. Wakacheka, kisha wakasema semeni tu. Kwa hiyo tunaomba radhi mapema, hasa kwa wazee, na kwa sababu tunajua chakula bado hakijaletwa. Tutakitaja choo mara nyingi. Hakuna namna ya kuieleza habari hii bila kukitaja, na moja ya sababu zilizotufikisha tulipofika ni kwamba sisi watu wazima tuliona haya kukitaja.

Sisi ni mume na mke. Tunalima tangawizi na migomba kidogo, na tunaishi huko huko nyumbani, juu, mahali ambapo ukiteremka Same kwa shughuli ya saa moja siku nzima imekwisha. Tumezaa watoto watatu. Wawili wako hai.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa kwa njia ya kawaida katika zahanati, akiwa na uzito mzuri, akalia, akanyonya. Kesho yake tukaruhusiwa. Hakuna aliyetuuliza kama amepata choo, nasi hatukujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Siku ya tatu alitoa choo kidogo tu, kile cheusi kinachonata kama lami, bibi yake akafurahi, akasema tumbo limefunguka. Lakini tumbo likaanza kujaa. Ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Alinyonya kidogo na kucheua, siku nyingine akatapika kitu cha manjano, siku nyingine cha kijani. Alikaa siku nne bila choo, kisha kikatoka kwa kishindo, na harufu yake si ya kinyesi cha mtoto anayenyonya. Tumbo likapungua, nasi sote tukapumua.

Kila aliyekuja kumwona alisema ni chango. Sidhani kama yumo mtu humu ukumbini ambaye hakunyweshwa dawa ya chango utotoni, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza. Tulichemshiwa mizizi. Tulinunua dukani na yale maji matamu ya kutoa gesi. Zahanati tulirudi mara mbili. Mara ya kwanza tukapewa dawa ya tumbo kujaa, mara ya pili dawa ya kuhara. Wiki ya tatu akashikwa na homa, tumbo likavimba mpaka ngozi inang'aa, akawa anaharisha maji yenye uvundo. Tuliona kuhara tukadhani ni heri, kwamba sasa choo kimepata njia. Mmoja wetu akambeba, mwingine akakimbilia pikipiki. Ilikuwa masika, barabara imekatika pale pale inapokatika kila mwaka, na mahali hapo mnapajua. Mtoto alitutoka kabla hatujaifikia lami. Alikuwa na siku 22.

Hatukuja hapa kumshitaki mtu. Mhudumu wa zahanati alifanya alichofundishwa, na bibi alifanya alichofanyiwa na mama yake. Lakini tulikaa miaka mingi tukibeba maneno ya watu. Wengine walisema upande wa mume kuna mkosi ambao haujaondolewa. Wengine wakasema mwanamke alikula kitu, au aliruka kitu. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, alisema jambo moja tu msibani, kwamba asiyejua ugonjwa asiupe jina. Tulitamani wengi wamsikie.

Mtoto wa pili, wa kike pia, hana shida yoyote. Tukasahau kidogo.

Mtoto wa tatu ni wa kiume, naye alizaliwa katika kituo cha afya, si zahanati. Kesho yake asubuhi nesi wa zamu, binti mdogo kabisa, alipita kitanda kwa kitanda akiuliza maswali matatu. Mtoto ananyonya? Amekojoa? Amepata choo? Bibi yake akawahi kujibu: ndiyo, amepata. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anataka turuhusiwe mapema kwa sababu wingu lilikuwa limetanda na gari la kurudi ni moja. Yule binti akasema, "Haya bibi, nionyeshe nepi." Hapakuwa na nepi ya kuonyesha.

Tunalirudia hili kila tunapopata nafasi. Kilichomwokoa mtoto wetu si mashine. Ni nesi kuomba aonyeshwe nepi.

Alimfunua mtoto, akatazama kama njia ya haja kubwa ipo na iko mahali pake. Ipo. Akasema hatumruhusu leo. Usiku tumbo likaanza kujaa, na alfajiri mtoto akatapika kijani. Nesi akazuia kunyonyesha, akapitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni ili yale maji ya kijani yatoke yasimpalie, akamwekea dripu, akatuambia mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi asipoe. Kisha wakapiga simu namba 115. Wengine huenda hamjui: ni namba ya bure ya mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakipata dharura. Ikiwa hakuna gari la wagonjwa karibu, hupangiwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, na malipo yake hayatoki kwa mgonjwa. Tulishuka mlima katika gari la mtu anayebeba abiria na ndizi siku zote. Kutoka Same hadi Moshi ni kama kilomita 100, na hatukumbuki hata moja.

Hospitali ya rufaa walimpiga picha, wakamsafisha utumbo kwa mpira na maji ya chumvi ya vuguvugu yanayoingizwa polepole kwa njia ya chini, na tumbo likashuka mbele ya macho yetu. Baadaye wakakata kipande kidogo sana cha nyama ya utumbo kikaenda kupimwa kwa hadubini. Jibu lilipokuja, daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alituketisha akatuambia jina la ugonjwa: Hirschsprung.

Ni jina la daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1886 mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin. Alikuwa na watoto wawili waliokufa kama alivyokufa wa kwetu, tumbo limejaa, choo hakitoki. Alipowafungua aliona utumbo mpana umetanuka ajabu, akadhani ule uliotanuka ndio mgonjwa. Hapo ndipo daktari wetu alipochukua karatasi akatuchorea, na mmoja wetu akasema: hii ni ndiva.

Vijana wa mjini, ndiva ni lile bwawa la wazee la kukusanyia maji ya kumwagilia. Sasa fikirini ndiva ambayo mfereji wake umeziba huko chini shambani. Maji yanarudi nyuma, ndiva inajaa, ukuta unatanuka. Mgeni akija ataitazama ndiva akasema imeharibika. Ndiva haina kosa. Tatizo liko chini, kwenye mfereji unaoonekana mwembamba na mzuri. Ndivyo ilivyo kwa ugonjwa huu. Utumbo husukuma choo kwa kujikaza na kujilegeza, na kazi hiyo inaongozwa na seli ndogo za mishipa ya fahamu zilizomo ndani ya ukuta wake. Mtoto akiwa tumboni, seli hizo hushuka taratibu kutoka juu kwenda chini mpaka mwisho wa utumbo. Kwa mtoto mmoja kati ya kama 5,000, haziufikii mwisho. Kipande cha chini kinabaki bila seli, kimejikaza, hakilegei, na kila kitu kinarundikana juu yake. Madaktari walichukua zaidi ya miaka 60 kulitambua hilo kwa hakika. Ni mwaka 1948 Mmarekani Orvar Swenson alipochapisha upasuaji wa kukiondoa kile kipande chembamba na kuuvuta utumbo mzima hadi chini.

Ndiyo maana choo cha kwanza kina maana. Watoto walio wengi waliotimiza miezi yao hukitoa ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, mtoto huyo si wa kurudishwa nyumbani. Na ule uharo wenye uvundo tulioushangilia kwa binti yetu? Daktari alituambia kwamba kwa watoto hawa choo kikirundikana utumbo huvimba na kushambuliwa na vijidudu, mtoto huharisha, hupata homa, na asipowahiwa hufa. Hawezi kusema kwa uhakika kwamba ndilo lililomuua, kwa maana hakupimwa. Lakini ugonjwa huu una kawaida ya kujirudia katika baadhi ya familia, na alipomaliza kusikia habari za siku zile 22 alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa. Tulilia pale ofisini kama msiba umetokea jana.

Wodini tulikaa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba ugonjwa wetu una ndugu.

Kitanda cha pili alikuwapo mtoto wa kiume aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa kabisa. Pale panapotakiwa kuwa na tundu pana ngozi tu. Hili nalo humpata mtoto mmoja kati ya kama 5,000, na kuligundua hakuhitaji kipimo chochote: ni kumgeuza mtoto na kutazama. Huyu alitazamwa siku ya nne. Kitanda cha dirishani alikuwapo msichana wa miezi minane ambaye tangu azaliwe choo kilikuwa kinatokea karibu na sehemu za siri za mbele, kwenye kitundu kidogo. Kwa kuwa alikuwa ananyonya tu na choo ni laini, mama yake hakuona tatizo, na kwa haya hakutazama sana. Uji ulipoanza, kitundu hakikutosha. Mama zangu, tuwatazame watoto wetu wa kike wanapooshwa. Mtoto mchanga hana aibu. Aibu ni yetu.

Watoto hawa wana njia nzuri ya kurekebishwa. Daktari mzaliwa wa Mexico, Alberto Peña, alianza mwaka 1980 upasuaji wa kufungua kutoka nyuma, katikati kabisa, akiona kila msuli kwa macho badala ya kupapasa gizani, na namna yake ndiyo imeenea duniani.

Alikuja pia mtoto ambaye utumbo wake mwembamba ulikuwa umekatika, ncha mbili zimejifunga kama soseji. Alitapika kijani tangu siku ya kwanza. Mama yake alikuwa anajilaumu kwa dawa za kienyeji alizokunywa akiwa mjamzito, na daktari akamweleza kitu ambacho sisi tuliosikia kando kilituponya na sisi. Hapo Cape Town mwaka 1955, madaktari wawili, Louw na Barnard, walichapisha majaribio waliyofanya kwa vitoto vya mbwa vilivyo bado tumboni. Walifunga mshipa wa damu unaokwenda kwenye kipande cha utumbo, wakarudisha tumbo la mama, wakasubiri. Vilipozaliwa, utumbo ulikuwa umekatika vile vile kama wa watoto wa binadamu. Maana yake, mara nyingi ni ajali: damu inakosa kufika mahali fulani, kipande kinakufa, kinayeyuka. Barnard huyo ni yule yule Christiaan Barnard aliyekuja kubadilisha moyo wa mtu mwaka 1967, na dunia ikamjua kwa moyo. Sisi tunamjua kwa utumbo. Basi, mama hakuruka kitu, wala ukoo wa baba hauna mkosi. Mshipa wa damu wenye unene wa uzi uliziba gizani, na hakuna aliyejua.

Na yuko mmoja tusiyeweza kumsahau. Mama yake alikuwa binti wa miaka 17 hivi. Mtoto alizaliwa na utumbo nje, umetokea kwenye tundu pembeni ya kitovu, bila ngozi wala utando wa kuufunika. Walisafiri saa nyingi, utumbo umefungwa kwa khanga kavu, mtoto amepoa. Akaishi siku mbili. Tulimsikia muuguzi akisema kwa uchungu kwamba mtoto wa namna hii akizaliwa Ulaya karibu kila mara huenda nyumbani na mama yake. Tulidhani anatia chumvi. Baadaye tukaonyeshwa takwimu za utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet, uliofuatilia watoto karibu 3,850 waliozaliwa na kasoro za njia ya chakula katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi za kipato cha chini walikufa karibu 40 kati ya kila 100. Nchi tajiri hawakufika 6. Kwa wenye utumbo nje peke yao, nchi maskini walikufa 90 kati ya 100. Nchi tajiri, mmoja au wawili.

Mtoto ni yule yule, na kasoro ni ile ile. Kinachopungua kwetu ni vitu vingi, na vingine chama cha watu wa nyumbani hakiviwezi: madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache, na mtu wa milimani ni lazima afike Moshi, au Muhimbili, au Bugando kama yuko kanda ya ziwa. Vyumba vya joto na wataalamu wa usingizi wa watoto wachanga hatuwezi kuvinunua kwa harambee. Lakini zile saa 48 za kwanza ziko kwetu. Huyu binti angefika akiwa amefungiwa nailoni safi juu ya utumbo, akiwa na joto, akiwa na dripu, angekuwa na nafasi fulani. Hatusemi angepona. Tunasema hakuipata nafasi yenyewe.

Sasa turudi kwa kijana wetu, maana mlituita tueleze fedha inakwenda wapi.

Siku ya tano alifanyiwa upasuaji wa kwanza. Walitoa utumbo nje kidogo kwenye ubavu wa kushoto ili choo kitokee pale. Wanaita kolostomi. Tulirudi nayo nyumbani tukakaa nayo karibu mwaka mzima, kwa sababu upasuaji mkubwa wa kuuvuta utumbo alifanyiwa akiwa na miezi minane, na wa tatu, wa kufunga tundu la tumboni, akiwa na miezi 11. Zipo hospitali zinazofanya yote kwa mara moja kwa baadhi ya watoto. Kwa wengi wa huku, wanaofika wamechelewa na tumbo limetanuka, ni hatua hizo.

Tundu lile ni jekundu na lina unyevu, kama ndani ya shavu. Mtoto haumii likiguswa. Kinachouma ni ngozi ya pembeni, ambayo choo huibabua mpaka inachubuka kama imeungua, na dawa yake ni usafi, mafuta mazito yenye zinki, na mfuko maalumu unaobandikwa. Mifuko hiyo ndiyo ilitushinda. Maduka ya dawa ya kwetu hayana, ya mjini wanayo mara chache, na mmoja haumalizi siku nyingi kwa mtoto anayenyonya. Tulitumia vitambaa vya khanga kuukuu na mkanda wa kushona wenyewe, kufua mara sita kwa siku, na maji yanafuatwa. Ibadani watu walisogea benchi. Hatuwalaumu, harufu ilikuwapo. Jirani mmoja alikuja kuuliza kwa upole kama kweli tunadhani mtoto huyu ni wa kukaa. Tulimkaribisha makande akala, lakini jibu hatukumpa.

Serikali ina sera ya kusamehe gharama za matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vyake, na 115 ilitupeleka bure ile mara ya kwanza. Lakini mtoto wa kolostomi haendi mara moja. Tulikwenda Moshi mara 14. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya kwetu, chakula cha mama anayelala wodini ni cha kwetu, vipimo vingine na dawa nyingine zilizokosekana dirishani ni za kwetu, na siku ambazo shamba halikupaliliwa hakuna anayezihesabu. Tuliuza tangawizi changa kabla ya bei. Tuliuza na kipande cha shamba, hicho hatutakisema zaidi maana aliyenunua ni ndugu na yumo humu.

Wapo tuliokutana nao kliniki ambao walifanya upasuaji wa kwanza wakakwama hapo. Yupo mtoto wa miaka mitano, bado anaishi na tundu la tumboni, haendi shule, kwa sababu baba aliambiwa arudi baada ya miezi sita akakosa nauli, kisha akaona haya kurudi kwa kuchelewa. Upasuaji uliobaki unawezekana hata leo. Kinachokosekana ni nauli na mtu wa kumwambia kwamba hatafokewa.

Tunajua chama chetu kinapenda kitu cha kuwekewa jiwe la msingi. Si vibaya, darasa tulilosomea wengi wetu lilitokana na msaragambo na michango yenu. Lakini safari hii hatuombi jengo, na tunaomba kamati isitushawishi tukubali jengo. Tunaomba mfuko mdogo wa dharura ukae kijijini, chini ya watu watatu ambao mkutano wa kijiji utawachagua, mmoja awe nesi, ambao simu ikipigwa usiku wanaweza kumpa mama fedha ya chakula na ya siku za kwanza bila kusubiri kikao. Kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kwanza, mfuko umlipie nauli mpaka afike wa mwisho. Na boksi la mifuko ya kolostomi na mafuta yake likae kituo cha afya, linunuliwe hapa Dar es Salaam na ninyi mnaojua maduka, liletwe na yeyote anayepanda basi.

Jambo la pili halina gharama kubwa. Tunaomba siku moja kwa mwaka nesi wa wodi ya watoto aje milimani azungumze na wahudumu wa zahanati zetu, wahudumu wa afya wa vijiji, na bibi zetu. Bibi zetu hasa, kwa sababu wao ndio wanaooga mtoto na wao ndio wenye neno la mwisho juu ya chango. Awafundishe kumgeuza mtoto na kutazama njia. Awafundishe kuhesabu saa za choo cha kwanza. Awaambie kwamba mtoto mchanga akitapika kijani, rangi ya majani, si chango mpaka daktari aseme, na kwamba hapo hapewi maziwa, wala maji, wala mizizi. Anawekwa kifuani apate joto, na safari inaanza saa ile ile, si baada ya mvua.

Kuna ndugu ametuuliza pale nje: haya si magonjwa adimu? Mnataka tuchangie kwa ajili ya mtoto mmoja kati ya 5,000? Swali ni la haki. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Gawanya, utapata watoto 400 kwa kasoro moja tu, na tumewatajia nne. Kwa vijiji vyetu huenda ni mtoto mmoja katika mwaka, na mwaka mwingine asiwepo. Fedha isipotumika itakaa, na wale watatu watasoma hesabu yake mbele yenu kwenye kikao kama hiki. Lakini wale bibi waliofundishwa kutazama watagundua na mtoto aliyepoa, na asiyenyonya, na mwenye manjano, na hao si adimu.

Kijana wetu ametimiza miaka miwili na nusu. Hatutawadanganya kwamba ni mzima kama wengine. Choo chake kinasumbua, wiki nyingine hakiji, nyingine kinamtoka bila kujua, na tumbo likijaa pamoja na homa tunajua hatuna muda wa kupoteza. Daktari anasema wengi hutengemaa kadiri wanavyokua. Anakimbia, anapigana na dada yake, anakula makande kuliko baba yake, na ana kovu ubavuni ambalo anawaonyesha wageni bila kuombwa.

Bibi yake, yule aliyejibu ndiyo, hakuja leo kwa sababu ya miguu. Siku hizi kijijini mwanamke akijifungua, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Hasemi hongera mpaka ameonyeshwa nepi.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ile karibu na mlango. Poleni kwa chakula.